Jogoo Wako Amerudi na Behewa

Mama,

Mimi ni mzima, ila nimechoka na hii treni! Jana mabehewa matatu yaliacha reli katikati ya miwa. Hakuna aliyeumia, lakini tulishushwa mbio, na jogoo uliyenipa niwapelekee wakwe zangu Nakuru akabaki ndani, kikapuni mwake. Leo kreni imeinua behewa letu, yeye anawika huko juu. Nikamsihi msimamizi anitolee kikapu. "Madam, hiyo behewa imeharibika. Hakuna mtu kuingia!" Wakaliweka tena relini, wakalivuta polepole kurudi Kisumu. Mimi mwenye tikiti bado nimekaa juani; yeye ambaye hakulipa nauli anarudishwa upande wa nyumbani.

Salimia watu wote wa Oyugis. Nakupenda sana, Mama, lakini safari nyingine nipe njugu tu.

Akinyi wako