Mtoki na Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Sukuma wiki imeletwa kibandani imelala, imenyauka. Nimemwambia yule wa pikipiki ampelekee mamake apike. Mwishowe nimeichukua, nimeikata nyembamba, imeisha. Watu wa mtaa huu wa Jericho wanalalamika na bado wananunua.

Mguu hausumbui. Kovu la kisigino cha kushoto limekauka vizuri tangu mwaka jana, waliponikata lile doa jeusi. Saratani ya ngozi. Daktari anaiita melanoma, mimi naiita takataka.

Leo nikioga nimeshika kitu kwenye kinena, upande ule ule wa kushoto. Kama punje ya maharagwe. Kigumu. Ni mtoki. Nilisimama sana wiki iliyopita.

Alhamisi, 6 Machi

Mtoki upo. Mama Akinyi wa mlango wa pili anasema mtu akiwa na kidonda mguuni lazima kinena kivimbe, nikande kwa maji moto na chumvi. Nimekanda. Nimeminya pia.

Kidonda gani? Sina kidonda. Hilo sikumwambia.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani sikusikia neno. Mkono ulikuwa unataka kwenda kupapasa, mbele ya watu, mwanamke mzima mimi.

Mwaka jana nilipotoka hospitali daktari alisema kila mwezi nijishike hapo, nikipata kitu nisikae nacho. Na kliniki kila miezi mitatu. Nilienda mara moja. Nikaona mguu umepona, nikaona kule nitaenda kusukumana na wagonjwa kwa nini.

Mtoki huuma. Huu hauumi hata kidogo. Naogopa. Nimeandika, basi.

Jumatano, 12 Machi

Nimempigia Nafula, binti yangu. Yuko Shauri Moyo na mtoto mchanga, alijifungua kwa kupasuliwa, hata ndoo hainui. Nilitaka kusikia sauti yake tu. Nikajikuta nimesema yote. Akalia. Nikamwambia anyamaze asije akakausha maziwa ya mtoto.

Kisha akasema Musyoka atanipeleka. Nikakata simu.

Musyoka ndiye mumewe. Mkamba, dereva wa gari la mkate. Mrefu, hasemi. Kwetu magharibi mama mkwe na mkwe hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawaonani wakila. Sasa huyo ndiye anipeleke kuonyesha kinena? Wakamba wanajua nini juu ya heshima? Siendi.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi nimesikia mtu anakohoa nje. Nikachungulia. Musyoka. Amesimama kule kwenye kamba za nguo, amenipa mgongo, anaongea na shuka la Mama Akinyi.

Akasema, “Mama, Jumanne natangulia hospitali alfajiri nikushikie foleni. Ukifika naondoka hapo kwenye benchi. Hatutaketi pamoja.”

Nikakaza leso kiunoni.

Akasema kwao Machakos mama mkwe akitokea njiani, mkwe anaingia kichakani, kuwe na miiba kusiwe na miiba. “Hospitali haina kichaka, mama. Lakini nitatafuta.”

Nikanyamaza. Akasema, “Sijasikia ukikataa.” Akaenda zake.

Huyu mtu ana akili na amekuwa akiificha.

Jumanne, 18 Machi

Hospitali kubwa. Jua lilikuwa limeshatoka, foleni imefika nje ya jengo. Koti la kijivu la Musyoka limewekwa kwenye benchi la mbele, kando ya mzee mmoja wa Pumwani mwenye kofia ya kufumwa. Nimekaa penye koti. Musyoka amehamia benchi la nyuma, mgongo wake kwa mgongo wangu.

Baadaye kidogo nikamsikia, “Mzee, niulizie huyo mama kama amekunywa chai.”

Mzee akageuka. “Kwani wewe huna mdomo? Si huyu hapa?”

“Ni mama mkwe wangu.”

“Aa. Basi mama, mkweo anauliza kama umekunywa chai.”

Nikasema, “Mwambie nimekunywa, na mimi si mtoto wa nasari.”

“Anasema amekunywa.”

“Nimesikia, mzee.”

“Ikiwa unasikia, mimi hapa ni wa nini?”

Benchi lote likacheka. Na mimi nikacheka. Mara ya kwanza tangu nikishike hicho kitu.

Kule dirishani hakukuwa na kicheko. Karani akaona niliruka kliniki. Akasema nimepoteza nafasi yangu, nianzie hospitali ndogo, nipewe barua, nirudi mwezi ujao. Sikumbembeleza. Sijawahi kubembeleza mtu. Nikachukua kikapu niende nyumbani na mtoki wangu.

Musyoka akaenda dirishani. Akaweka mikono nyuma. Akasema, “Huyu mama alikatwa melanoma ya kisigino cha kushoto. Sasa ana uvimbe kwenye kinena cha kushoto. Hauumi na unakua. Daktari alisema ukitokea asingoje.” Karani akarudia mambo ya barua. Musyoka akarudia maneno yale yale, sauti ile ile, neno kwa neno. Karani akafoka. Musyoka akaanza tena kutoka kisigino.

Nimeona wanaume wengi wakipiga madirisha kofi. Kazi yao ni kelele, kisha wanarudi bila kitu. Huyu hakupandisha sauti hata kidogo. Na neno kinena alilitamka kama mtu anayesema kiwiko, bila kunitazama, nikakosa hata aibu. Mwishowe nesi akatoka mlango wa ndani kuuliza ni nani huyo mwenye melanoma. Nikaingizwa.

Daktari ni msichana, vidole baridi. Akauliza nani aliniambia nikande. Akanigombeza vizuri, alikuwa na haki. Nimepigwa picha ya tumbo na kifua. Wamechoma sindano pale kwenye uvimbe, wakatoa kitu cha kupima. Majibu wiki ijayo.

Yale maneno dereva wa mkate hakuyatoa hewani. Lazima alimuuliza Nafula mpaka akayashika.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya tatu napata mkate mlangoni, bado moto. Sikuagiza mkate. Nimekula.

Sipapasi tena. Uongo. Nimepapasa mara mbili.

Jumatano, 26 Machi

Nimegombana na mteja juu ya nyanya moja. Nimegombana na Mama Akinyi juu ya ufagio. Sukuma nimekata nene kama ya ng'ombe.

Sitaki kufa. Nilidhani mtu wa umri wangu hajali. Anajali.

Ijumaa, 28 Machi

Majibu.

Daktari akauliza nimekuja na nani. Nikasema peke yangu. Akasema angependa mtu wa nyumbani asikie pamoja nami. Nikasema hakuna.

Nikajitazama. Najijua. Nitasikia nusu, ile nusu mbaya nitaiacha hapo kwenye kiti, kesho nitachemsha maji ya chumvi. Nikamwambia nesi amwite yule wa koti la kijivu aliye nje kwenye benchi.

Musyoka aliingia kinyumenyume. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Mtu mrefu vile, amerudi nyuma mpaka amegusa meza, kisha akageukia ukutani penye sinki. Daktari akamwambia aketi. Akasema, “Nitasikia nikiwa hapa, daktari.” Daktari akanitazama, nikatazama dari. Akaendelea.

Si mtoki. Ile takataka ya kisigino imepanda mpaka kinenani. Kifuani na tumboni hawajaiona. Watanikata waondoe matezi ya hapo, kisha kuna dawa, kisha kliniki kila miezi mitatu, bila kuruka.

Musyoka akauliza ukuta. Mguu utavimba baada ya kukatwa? Unaweza, huenda usipungue kabisa, kuna soksi ya kubana. Kidonda kinasafishwaje? Kitakuwa na mpira wa kutoa maji, nesi atamfundisha mtu. Tukiona uvimbe mwingine tupitie mlango upi, tusirudi kule dirishani? Daktari akamwandikia jina la nesi na siku za kliniki. Maswali hayo yote sikuwa nayo. Nilikuwa na moja, nikalisema mwisho. Nitakufa?

Daktari akasema, “Sijui, mama. Ninachojua ni kwamba tukikata sasa una nafasi nzuri kuliko ukingoja.”

Jibu zuri. Angeniambia nitapona nisingemwamini tena.

Mabega ya Musyoka yalikuwa yanatikisika. Alikuwa analia ndani ya sinki, mwanamume na umbo lile. Nikamwambia mimi mwenyewe, bila mzee wa kupitisha maneno, “Musyoka, nawa uso twende.” Akafungua bomba, akanawa.

Jumatatu, 7 Aprili

Kesho nakatwa. Niko wadi, kitanda cha dirishani. Wa kitanda cha pili anakoroma kama anaimba.

Nafula anataka nikitoka nikae kwake, nesi atamfundisha yeye kunisafisha. Haiwezekani. Kwetu mama halali nyumba ya mkwe, hata awe mgonjwa wa kubebwa. Nimemwambia atafute njia nyingine. Akasema Musyoka ameshaitafuta, nguo zake ziko kwa dereva mwenzake, atalala huko mpaka mpira utolewe. Aliziondoa Jumamosi, kabla sijakataa.

Nikasema sawa.

Mwanamume ameacha kitanda chake, mke na mtoto mchanga, ili mimi nilale bila kuvunja heshima yangu. Hakuna aliyemwomba. Mimi nilisema Wakamba hawajui heshima. Nilisema upumbavu.

Jumatano, 16 Aprili

Shauri Moyo. Kidonda ni kirefu, kinavuta nikigeuka. Mguu umevimba. Mpira bado unatoa maji, lakini yanapungua na yamekuwa mepesi. Daktari anasema walitoa yote waliyoyaona. Dawa nitaanza kidonda kikifunga. Kliniki ni Julai, Musyoka ameshaomba ruhusa kazini.

Anakuja kila jioni akimaliza kazi. Anasimama nje, Nafula anampa mtoto mlangoni, anamshika pale pale kwenye baraza, anaongea naye Kikamba.

Leo nimemwambia Nafula ampelekee baba wa mtoto kiti, na mlango auache wazi.

Ameketi. Simuoni, naona kivuli cha mguu wake tu. Ameniuliza mguu unaendeleaje. Nimemwambia ni mzito. Akasema sawa, mama. Mtoto akapiga chafya. Tumekaa hivyo mpaka chai ikaiva.