Kahawa Niliyowapa Kina Kahangwa

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Chupa ya maji ya Renatha imerudi imejaa. Siku ya sita sasa. Anasema hana kiu. Kiangazi hiki! Mtoto wa miaka kumi na tano ashinde shule nzima bila kunywa? Kuna kitu.

Jumanne, 12 Agosti
Amesema. Hanywi ili asiende chooni. Njia ya choo cha wasichana inapita nyuma ya darasa la kidato cha tatu, na hapo wavulana wanajipanga huku na huku. Anayepita anashikwashikwa. Wenyewe wanaita "ushuru". Lipa upite, mrembo! Kiongozi wao Johnson, mtoto wa Kahangwa. Tangu shule ifunguliwe Julai. Nimetoa wikendi na Nane Nane: siku ishirini na tano. Siku ishirini na tano, na mimi niko kwenye cherehani naimba!

Jumatano, 13 Agosti
Nimefunga duka, nikaenda shuleni. Mwalimu wa nidhamu, Rugaibula, hata kiti hakunipa. Eti utani wa vijana. Eti mama, angalia na urefu wa sketi. Sketi nimeishona mimi! Inchi nne chini ya goti — nikamwambia alete futi tupime. Akafungua kalenda. Kikao Jumatatu, ila anataka wazazi zaidi ya mmoja.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimezunguka nyumba tisa. Saba wamekataa, wanaogopa binti atasemwa. Wawili wamekubali, mmoja Penina muuza dagaa. Na mimi watatu. Tunatosha.

Jumamosi, 16 Agosti
Kahangwa kaja na mkewe Celina. Bila taarifa. Nilikuwa nimevimba kwa hasira, lakini mikono ilinitangulia: nikatandika mkeka, nikatoa kikapu cha kahawa ya kutafuna. Mgeni hakai kwa Mhaya mdomo mtupu, hata kama humtaki. Wakatafuna. Nami nikatafuna punje moja, wasije wakasema nimeweka sumu.
Celina: "Mwenzangu, na sisi tulishikwa, mbona tuliolewa?"
Nimewaambia kikao kiko palepale. Wameaga wanacheka. Wanacheka nini?

Jumatatu, 18 Agosti
Nimejimaliza mwenyewe! Kikaoni Kahangwa alisimama wa kwanza. Mwanawe hakumtaja hata mara moja. "Mama Renatha katukaribisha, katupa kahawa kwa mikono yake, tumetafuna pamoja. Wenye ugomvi hutafuna pamoja?" Wazee wa kamati ya shule wakaitikia kwa vichwa — basi wameshapatana. Nikapaza sauti: ile ilikuwa adabu, si msamaha! Rugaibula: "Mama, taratibu." Penina akanisogelea sikioni. "Umepatana nao kimyakimya, aibu utuachie sisi?" Akatoka. Mzazi yule mwingine akamfuata. Dakika kumi na moja, faili limefungwa.
Renatha alikuwa nje, dirishani. Njia nzima alinitangulia. Tulipofika nyumbani ndipo akauliza: "Mama, ulikula nao?"

Jumanne, 19 Agosti
Dawati la jinsia, polisi, Bukoba mjini. Naandikia kwenye benchi. Nimemwambia Renatha hapa hakuna wazee wala mkeka. Akavaa viatu, akaja.
Askari wa kike akatoka, akauliza mlalamikaji ni nani. Nikafungua mdomo. Renatha akanishika mkono.
"Usiseme wewe."
Akaingia peke yake. Mlango ukafungwa.
Dakika ishirini na sita. Naisikia sauti ya askari. Ya Renatha bado —