Sauti ya Baba Niliyoifuta

Ng'ambo,
Tabora.
9 Septemba 2025

Mpendwa Kaka Aleksi,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii imekukuta mzima huko Mtwara, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kila msimu wa vumbi kimepata nafuu. Sisi tupo. Siwezi kuandika kwamba hatujambo, maana nitakuwa nimeanza barua kwa uongo.

Barua hii nampa Flavia, binti wa jirani aliyepata kazi ya uuguzi huko kwenu, na nimemwapisha aitie mkononi mwako mwenyewe. Simu zetu hupokei tangu Pasaka ya mwaka juzi. Leo sikulaumu, nafasi hiyo sina.

Kaka, Baba ameanguka. Ilikuwa Alhamisi, tarehe ishirini na nane Agosti, kule nyumbani Ulyankulu, akichambua tumbaku. Ni kiharusi. Upande wa kulia haufanyi kazi na maneno hayatoki kabisa. Amelazwa hapa mjini, nami nakwenda kumnywesha uji asubuhi na jioni. Watu anawatambua, na ukimkosea anakukazia macho vilevile kama zamani. Daktari ametuambia waziwazi kwamba kiharusi cha pili kikija, hatavuka.

Kabla ya hapo, tarehe kumi na sita, tulikuwa tumemzika Shangazi Dafrosa. Najua hukusikia. Pole sana, alikuwa akikupenda.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, na naomba usome mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Mwaka jana ofisi moja hapa mjini ilibadilisha vifaa vyake vya mtandao, ikatupa vya zamani. Mimi nikaokota kisanduku kimoja cha chuma, kile kilichokuwa kinalinda mtandao wao. Hakina skrini wala kibodi, na mafundi wenzangu wa simu walinicheka kwamba nimebeba pasi isiyopata moto. Lakini ndani yake ni kompyuta kamili, na umeme hakili mwingi. Nilifuta kilichokuwamo, nikaweka mfumo mwingine, nikakifanya seva ya nyumbani, yaani ghala la kuhifadhia sauti, picha na kurasa zetu. Kila programu nikaifungia kwenye kontena lake, kama Mama alivyokuwa akitenga mahindi na karanga ili wadudu wa huku wasihamie kule. Kontena likigoma, unalifuta na kulijenga upya kwa dakika tano, na mengine hayajui kilichotokea. Nilishafanya hivyo mara nyingi mpaka mkono ukawa mwepesi.

Mwezi wa saba nilikwenda Ulyankulu nikakaa na Baba siku tatu, nikimrekodi kwa simu. Alisimulia safari yao ya kukimbia Burundi mwaka sabini na mbili, nani alitangulia, nani alibaki. Siku ya mwisho nilimwomba aseme neno kwako. Alikataa, akaenda kuangalia kuku, akarudi, akaniambia washa.

Niliporudi niliziingiza sauti zote kwenye kisanduku, na kwa kuwa simu ilikuwa imejaa, nikazifuta kwenye simu. Nilikuwa nakutengenezea ukurasa wako wa mtandaoni, ili ufungue mwenyewe usikilize bila kulazimika kumpigia mtu yeyote. Nakujua ulivyo. Kumbe ningekutumia ile moja tu siku ileile, hata kwa mkono wa mtu. Nilitaka iwe nzuri kwanza.

Shangazi alifia hospitali hapa mjini, kwa hiyo watu walikusanyika kwangu kabla ya safari ya Ulyankulu. Mama mkubwa Getruda, unamjua, aliingia akisema nyumba ya msiba haipigi redio wala haiwashi televisheni. Akachomoa kila chenye taa. Friji peke yake lilisamehewa kwa sababu ya nyama ya waombolezaji. Alipokiona kisanduku changu kinawaka na kuzimika taa za kijani, alisema hakina adabu, kinakonyeza watu wakati wanalia, naye akakichomoa. Kilikuwa katikati ya kujisasisha, na kukatiwa umeme hapo huvuruga programu.

Kwa siku kadhaa nilimbebesha lawama zote yule mama. Nilimsema hata kwa majirani. Lakini kwako nitasema kweli: Mama mkubwa hakufuta kitu. Sauti zilikuwa bado zimo.

Baba alipoanguka, nilikimbia kwangu nikakiwasha ili nikupatie ile sauti haraka. Taa ziliwaka, ukurasa haukufunguka. Nikafanya kama ninavyofanya siku zote, nikalifuta lile kontena na kulijenga upya. Ukurasa ukafunguka vizuri, mweupe, hauna kitu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sauti nilizihifadhi humohumo ndani ya kontena, badala ya diski ya pembeni, isiyofutika pamoja nalo. Wateja nawafundisha kila siku wasifanye kosa hilo.

Nililia, Kaka, kuliko nilivyolia kwa Shangazi. Nikakipeleka kwa Sabiri, fundi wa kompyuta pale sokoni. Alihangaika siku tatu, akapata sekunde arobaini: kuku wanalia, Baba anakohoa, kisha kimya. Flavia anayo kwenye flashi, atakupa.

Kwa hiyo maneno ya Baba yamebaki kichwani mwangu tu, na najua utakachofikiri. Utasema Jeska ametunga ili nirudi. Alisema kwa Kirundi, mimi nakuandikia kwa Kiswahili, lakini sijaongeza hata kituo:

"Mwambie bado nimekasirika. Jina la Nibitanga ni la baba yangu, tulitembea nalo kwa miguu mpaka hapa, yeye alipojaza karatasi za kazi akaliacha kama mzigo. Sijamsamehe. Ila aje. Kumkasirikia mtu aliye mbali kunanichosha."

Ni hayo tu. Hakulia, hakukubariki. Ningetaka kukudanganya, Kaka, ningekutungia msamaha.

Kusema tena hawezi, lakini kukasirika bado anaweza, nimeshakwambia macho yake yalivyo. Njoo akukasirikie. Kitanda chake ni cha tatu kutoka mlangoni, upande wa dirisha.

Mama mkubwa Getruda anakusalimu. Nimeshamwomba radhi, akanijibu kwamba kisanduku kile bado hakina adabu. Mume wangu Valentino na watoto wanakusalimu, Advera mliyesoma naye anauliza kama umeoa. Baba nilimwambia jana kwamba nakuandikia. Aliugeuza uso ukutani, lakini jioni nilipoaga alinishika kanga kwa mkono wa kushoto, akanitazama mpaka nilipomwambia kwamba barua imeshaondoka. Ilikuwa bado. Ndiyo maana naimaliza sasa hivi, Flavia amesimama mlangoni na begi lake.

Mungu akulinde njiani, na akutunzie huyu mzee mpaka ufike.

Mdogo wako akupendaye,
Jeska