Viatu Vyeupe na Vidole Vyako

Mama Faida, mke wangu,

Jumapili hii binti yetu ameondolewa kwenye mstari wa akina mama mbele ya kanisa zima. Nakuandikia upate habari hiyo kwangu, kabla hajafika huko mtu mwingine wa kukusimulia vibaya.

Vidole vyako nilivijua kabla ya kujua mapishi yako. Ulivirithi kwa mama yako kule Kirungu: kidole gumba kimelala upande, cha pili kimepanda juu yake. Katika sandali vilikubeba miaka yote uliyouza ndagala sokoni hapa Kalemie, wala hukuvionea haya. Wateja walipovikodolea macho uliwaambia, "Muangalie samaki. Miguu siuzishi."

Haya ilikuja ulipopokelewa katika chama cha akina mama wa parokia. Sare yao ilikuwa kitenge cha chama, kitambaa cheupe kichwani, na viatu vyeupe vinavyofunika mguu wote. Kiongozi wao, ambaye sote tunamwita Mama Prezidanti, alikutazama miguuni akasema, "Mama Faida, sandali njo ya soko. Ku misa tunaingia na viatu." Ulivijaribu, ukarudi nyumbani umevishika mkononi.

Ndipo mchuuzi mmoja aliyetoka Kigoma alipokuletea kifaa kile: plastiki ngumu ya kulala ubavuni mwa mguu, mkanda wa kuvuta kidole gumba nje, na raba laini ya kutenganisha vidole. Jioni uliweka mguu juu ya paja langu, nami nikakaza mkanda. Ulisaga meno, kisha ukanitania mimi mwalimu wa shule.

"Mwalimu, leo kidole kimepata ngapi?"

Nilijibu kwamba bado hakijui kukaa kwenye mstari.

"Ukipatie azabu basi," ulisema, tukacheka sote wawili.

Baadaye uliacha kusaga meno. "Papa Faida, haiumi tena," uliniambia, na uso wako uling'aa. Tuliamini kwamba kifaa kimeanza kufanya kazi. Ukawa unakivaa mchana kutwa ndani ya soksi, hata sokoni, ukiisubiri sikukuu ya parokia. Siku uliyovua soksi na ngozi ikatoka nayo, hukuhisi chochote. Uliendelea kunisimulia bei ya mafuta ya mawese. Mimi ndiye niliyeona.

Daktari alitueleza bila kuzunguka. Ulikuwa na ugonjwa wa sukari, nao ulikuwa umeua hisia za mguu. Mfupa wa mtu mzima haunyooshwi na mkanda. Kifaa kama kile humpunguzia maumivu yule tu anayeyasikia. Walitaka kuukata mguu, lakini sumu ya kidonda ilikuwa imekwisha kuingia katika damu. Ulikufa kabla ya sikukuu.

Wenzako wa chama walikuja kukuvika. Nilisimama mlangoni na viatu vyeupe, nikawaambia kwamba haviwezi kuingia. Mama Prezidanti alivipokea, akaomba wembe, akapasua ngozi ya viatu upande wa kidole gumba na nyuma ya kisigino. Miguu ikaingia. Kitenge kilifunika mipasuko yote.

"Mama, kumbe inawezekana?" nilimuuliza.

"Tunafanyaka vile kila mara, Papa. Miguu ya marehemu inavimbaka."

"Na ya wazima?"

Alinitazama kana kwamba sikufunzwa adabu. "Muzima anatembea. Kiatu ya kupasuka inaonekana."

Sikugombana naye, watu walikuwa wakilia. Lakini jibu lile naamka nalo na kulala nalo. Wembe ulikuwapo siku zote.

Faida amechukua nafasi yako katika chama, na vidole vyake ni vyako. Juzi aliniomba kile kifaa. "Papa, mimi sina sukari. Nilipimwa." Alisema kweli. Nilimwambia kwamba nilikitupa chooni baada ya mazishi. Akasema, "Basi nitaenda na sandali, banifukuze."

Wakamfukuza. Mama Prezidanti alimshika mkono kwa upole, akamtoa mstarini. Faida alikatiza kanisa lote, akaja kuketi kando yangu kwenye benchi la wanaume. Hakuna aliyethubutu kumwinua. Alilia misa nzima bila sauti.

Sijui kama nimemtendea haki. Anakitaka chama kile kama ulivyokitaka wewe, na huenda akanunua kifaa kingine bila kuniambia. Siwezi kumlinda mwanamke mzima na miguu yake mwenyewe. Wakati wa mahubiri niliinama nikaitazama: ina vumbi, vidole vimepandana, na ngozi ni nzima.

Lala, Mama Faida. Huko hakuna anayekagua miguu.

Mume wako,
Papa Faida