Bafle Mbili, Pande Mbili

Yaya Sylvain, kaka yangu mkubwa,

Karakana yako iko wazi, na ninayekaa kwenye kiti chako ni mimi, mdogo wako. Wateja bado wanakuulizia. Nawaambia kwamba umetutoka, kisha wanaweka mezani ampli zao, zile mashine za kukuza sauti, wakitaka kujua kama ni mali au ni takataka ya zamani tu. Nafanya ulivyonifundisha, nainyanyua kila moja kabla ya kusoma jina. Unakumbuka ile villa ya mtaa wa Golf, mwenye nyumba anatusomea jina la kiwanda kama anasoma Injili, na wewe unaninong'oneza: "Beba kwanza, Béa. Jina bantu banabandika, uzito hapana." Ampli yake ilikuwa nyepesi kama sufuria tupu. Kuna mtu alishaitoa transfoma ndani akaenda kuuza shaba yake. Nilijizuia kucheka mpaka tulipofika barabarani.

Lakini nakuandikia kwa sababu ya bafle zako, zile spika mbili kubwa za mbao nyekundu. Hospitalini uliniomba kitu kimoja tu: "Usizitenganishe." Nikaitikia. Na matanga hayajaisha vizuri, zilikuwa zimetenganishwa.

Usikasirike. Familia iligawa vitu vyako kama ilivyo desturi, upande wa baba na upande wa mama. Wazee wakaona bafle ni mbili na pande ni mbili, wakafurahi sana: hapa angalau hakuna ugomvi. Moja ikaenda Pweto kwa Baba mdogo, nyingine Sakania kwa Mama. Nilijaribu kueleza kwamba namba za nyuma zinafuatana, kwamba zilitengenezwa pamoja ili zisikike pamoja. Wakanituma nikalete maji ya kunywa. Nililia jikoni, na siku ile ilikuwa hasira, si huzuni.

Nikaamua kuzirudisha pamoja. Ile ya Pweto haikunisumbua. Baba mdogo alikuwa amepanga samaki wakavu juu yake. Nilimweleza kwamba moja bila mwenzake haina bei, akacheka, akaipakia mwenyewe kwenye lori. Sasa iko hapa mbele yangu. Inanuka ziwa Mweru zima, lakini haina kasoro.

Basi nikaenda Sakania na maneno yangu yakiwa tayari. Mama ameiweka kando ya kitanda chake na kuifunika kitenge cha sikukuu. Hana ampli, hana hata waya, haijawahi kutoa sauti katika nyumba ile. Nikamwambia vilevile, kwamba moja peke yake haina bei.

"Kama haina bei, basi hii njo yangu," akasema. "Hakuna mutu atakuya kuilomba."

Na mimi nilikuwa nimekuja kuiomba. Nikashika kazi. Niliondoa kitenge, nikatandaza vidole juu ya membrani, ile ngozi ya spika inayotetemeka, nikaisukuma taratibu kama siku ile uliponishika mkono kunionyesha, nikisikiliza kama koili, ule waya uliozungushwa nyuma yake, inakwaruza ndani. Haikukwaruza. Ilikwenda na kurudi chini ya mkono wangu bila shida. Mama hakuangalia mkono, alikuwa ananiangalia usoni.

"Iko muzima?" akauliza.

Yaya, hivyo ndivyo alivyokuwa akiniuliza habari zako kwenye simu kila asubuhi ulipokuwa hospitalini. Asubuhi ya mwisho nilimpa muuguzi simu amjibu yeye. Safari hii nikasema, "Iko muzima, Mama." Akashika upande mmoja wa kitenge, nami upande mwingine, tukaifunika.

Sikuiomba. Njiani kurudi Lubumbashi nilihangaika sana, nikiona nimevunja neno langu kwako. Halafu nikakumbuka vizuri ulivyosema. Uliniomba nisizitenganishe, hukusema zikae kwangu.

Kwa hiyo Jumamosi nampelekea hii ya Pweto, pamoja na ile ampli yako nzito na waya mzuri. Nitazisogeza mbali na ukuta kama ulivyopenda, kiti cha Mama nitakiweka katikati ya hizo mbili. Nimekukosa, Yaya. Nakukosa hasa ninapotaka kubishana kuhusu mlio wa besi na hakuna mtu. Lakini nakuahidi hazitauzwa, na hazitagawanywa tena nikiwa hai.

Pumzika sasa. Siku Mama akitaka tena kujua kama ni nzima, hataniuliza mimi, atazisikia mwenyewe.

Mdogo wako,
Béa