Lipande wa Nambambo si Lipande wa Nkowe

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu Yufrasia,

Marahaba, mama. Najua umeniamkia moyoni pale tu ulipouona mwandiko huu unaopanda na kushuka kama njia ya Kilimarondo. Mimi sijambo, ni mgongo tu, na mgongo si ugonjwa, ni umri. Mama yako mdogo niliyekuja kumuuguza naye hajambo. Mshono umefunga, juzi kafua shuka mwenyewe nikamgombeza mpaka akanuna.

Sasa nyinyi. Baba yako hajambo? Mpe shikamoo yangu kabla hujasoma mstari mwingine, na umtazame anavyoitikia, uniambie kama kile kikohozi cha asubuhi bado kinamsumbua. Mjukuu wangu Kasto hajambo? Meno ya mbele yameota, au bado anacheka kama mzee? Mdogo wako Hilda anafika shuleni, au anaishia kisimani kupiga soga? Mkwe wangu hajambo? Mwambie mbaazi zilifika zote, hata zile zilizotobolewa na wadudu, na tulizila hivyo hivyo. Bibi yako wa Kilimarondo je? Nimesikia tembo wameingia tena kwenye mhogo wake. Mwambieni asitoke peke yake kuwapigia sufuria. Ana miguu gani ya kukimbilia? Na wewe mwenyewe, unakula? Usiniambie unakula, niambie jana ulikula nini.

Usicheke. Mtu akiwa mbali anabaki kuhesabu watu wake kichwani, na mimi kila nikihesabu naona kama kuna mmoja nimemruka.

Nimeandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Ya kwanza, simu ya baba yako mpaka apande kile kichuguu ndiyo ishike, na akiwa juu kule Nambambo nzima inasikia. Neno hili silitaki lisikike kabla yeye hajalipokea. Ya pili, ndani ya bahasha kuna karatasi. Usiikunje, usiiweke karibu na mafuta. Nitakueleza ni ya nini, ila tulia unisikilize, maana mambo yenyewe ni ya kompyuta na hata mimi nimeyaelewa kwa shida.

Unajua pale nilipopata kibarua tangu nije huku, mimi ni wa chai na usafi. Kampuni inanunua korosho na kugawa salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, kwa wakulima. Ina ghala Nachingwea, ina ghala Ruangwa, na ofisi kuu ndiyo hii ninayopiga deki. Kumbe kila mahali pana mfumo wake wa kompyuta, na mifumo yenyewe haisemezani. Nachingwea wakimwandika mtu, Ruangwa hawamjui. Ruangwa wakigawa salfa, mhasibu wa huku anapata habari baada ya wiki, tena kwa karatasi. Basi wakubwa wanatafuta mfumo mwingine wa kusimama katikati, uchukue neno la huyu umpelekee yule. Nilipoelezwa nikasema, "Aa, kumbe mnatafuta mshenga!" Wakacheka sana, lakini tangu siku ile na wao wanauita mshenga.

Wiki iliyopita washenga wawili wakaja kushindanishwa, siku moja, chumba kimoja. Mimi nilikuwa humo na chupa za chai.

Wa kwanza ni bwana mmoja wa viatu vya kung'aa, anasema kama mtangazaji wa redio. Mfumo wake unatumiwa na makampuni makubwa ya nje, na una kila kitu ndani. Akaomba majina ya wakulima wa Nachingwea na ya Ruangwa, akabonyeza, na kabla sijamaliza kumimina vikombe vya upande mmoja orodha mbili zimekuwa moja, imeng'aa ukutani. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, nimeshika kijiko. Halafu nikaona neno Nambambo limeandikwa pale ukutani, roho yangu ikaruka kama nimeona mtu wa kwetu stendi. Nikaanza kumtafuta baba yako. Nikamkuta Lipande Likwata mmoja tu, na mbele yake pameandikwa Nkowe, Ruangwa.

Nikaendelea kumimina chai. Mama wa chai atasema nini?

Wa pili ni dada mmoja mwenye mafua, kila baada ya maneno mawili anapenga kamasi. Mfumo wake ukaenda kidogo, ukasimama. Ukaenda, ukasimama. Kila ukisimama unaonyesha watu wawili na swali: hawa ni mmoja au ni wawili? Wakubwa wakaanza kupiga miayo. Mhasibu, yule mtani wangu anayeniita Mama Korosho, akasema, "Dada, sisi tunanunua mashine ya kujibu, wewe unatuletea ya kuuliza!"

Ndipo ukutani wakatokea Lipande Likwata na Lipande Likwata.

"Huyo ni mmoja," mhasibu akasema. "Bonyeza tuendelee."

"Ni wawili!"

Yufrasia, mwanangu, nilikuwa ni mimi niliyesema. Kifuniko cha chupa kilianguka kikazunguka sakafuni, na wote wakanigeukia.

Mhasibu akasema, "Haya, mama wa chai naye kawa mtaalamu wa mifumo."

"Sijui mfumo, baba. Ila huyo wa Nambambo ni mume wangu. Yule wa Nkowe ni ndugu yake, baba zao ni ndugu. Walipotoka jandoni wote wawili walipewa jina la babu."

Yule bwana wa viatu akanisogelea kwa upole, akasema, "Mama, mfumo wetu uliona jina limerudiwa, namba za vitambulisho hazipo, basi ukasafisha. Unaondoa uchafu."

"Basi huo uchafu, baba, ndiye aliyenizalisha watoto wangu wote."

Chumba kizima kikalipuka. Hata yule dada wa mafua alicheka mpaka akakohoa. Meneja wetu, mzee asiyecheka ovyo, hakucheka. Akaagiza ifunguliwe orodha ya salfa ya mwaka jana, ile waliyoiunganisha wenyewe humu ofisini. Ikafunguliwa. Lipande Likwata mmoja. Salfa ametia saini Ruangwa. Nachingwea hakuna mtu.

Nilikaa chini bila kuambiwa kaa. Unakumbuka mwaka jana? Baba yako kafika ghalani Nachingwea, kaambiwa, "Mzee, wewe umeshachukua." Karudi na baiskeli tupu, ule ugonjwa wa ubwiri unga ukala maua yote ya kule bondeni, na akaapa kuwa ni baba yako mdogo wa Nkowe aliyejifanya yeye akachukua mgao wa watu wawili. Mpaka leo hawasalimiani. Msiba wa shangazi yao kila mmoja alikaa upande wake wa ua kama wageni. Kumbe baba yako mdogo alichukua salfa yake tu, ya haki yake. Aliyemfuta baba yako ni mshenga wa mwaka jana, ile orodha ya ofisini, aliyekuta ndugu wawili akawafanya mtu mmoja bila kuuliza.

Na mimi sikuwa mwema. Gulioni Ruangwa mke wake, Mama Zuhura, alinipa mkono nikauacha hewani. Nikamwambia, "Shikamana na mikorosho yenu, inang'aa kwa salfa ya wenzenu." Watu walisikia. Aliinamisha kichwa akaendelea kupanga nyanya zake. Tangu ile siku ya mkutano nikifunga macho naziona zile nyanya.

Basi meneja akaniuliza, "Mama, kama majina ni yale yale, nyinyi mnawatofautishaje?"

Nikamwambia, "Nyinyi mnaandika jina na ukoo tu, ndiyo maana mnapotea. Kwetu watu wakifanana jina tunauliza, huyu kazaliwa na mama gani?"

Mmoja akasema si waulizwe tu majina yao ya utotoni, ya kabla ya jando. Nikamwambia, baba, ukienda Nachingwea kumwita mwanamume mzima kwa jina alilolivua jandoni, nenda na gari lililowashwa.

Yule dada palepale akaongeza kisanduku cha jina la mama, tukakiona ukutani. Yule bwana akasema ni wazo zuri, ila kwake lazima awaandikie wenye mfumo ng'ambo, na wakikubali itachukua muda. Lakini usidhani dada ameshinda. Wawili kati ya wakubwa bado wanamtaka wa kwanza, kwa kuwa ana haraka, na kwa kuwa mfumo wa dada ukitaka kuongezewa ghala lazima aje mwenyewe akae nao wiki nzima. Nao si waongo, nimeuona unavyokokota. Meneja akasema uamuzi ni Ijumaa hii inayokuja, na siku hiyohiyo orodha ya salfa inafungwa. Akasema neno la mama wa chai peke yake halitoshi kuthibitisha. Anataka hao Lipande wawili waandike kila mmoja jina la mama yake, waweke dole gumba mbele ya mwenyekiti wa kijiji, wote wawili kwenye karatasi moja. Isipofika, jina litabaki moja kama mwaka jana, na salfa itatoka ya mtu mmoja.

Hiyo ndiyo karatasi uliyoishika.

Sasa nisikilize vizuri. Usimwambie baba yako mbele za watu. Ngoja ale. Akianza kumsema baba yako mdogo, na ataanza, mwache amalize yote, usimkatize hata neno moja. Halafu msomee pale nilipoandika saini Ruangwa, Nachingwea hakuna mtu. Msomee mara mbili. Atakaa kimya. Kimya chake usikiogope, mimi nimeishi nacho miaka mingi, kina mwisho. Asubuhi mwitie bodaboda, nenda naye wewe mwenyewe mpaka Nkowe, umbebe na Kasto, maana mtu hawezi kumfukuza mgeni aliyeingia na mtoto. Baba yako hataomba radhi kwa mdomo, namjua. Atauliza habari za mikorosho. Baba yako mdogo akijibu, basi yamekwisha, toa karatasi, mwende kwa mwenyekiti.

Akikataa kwenda, nenda peke yako, umwambie baba yako mdogo ukweli wote, aweke dole gumba lake kwanza. Baba yako akiliona la mwenzake limetangulia, sidhani kama ataliacha lake.

Kwa Mama Zuhura nakutuma kwa mikono miwili. Mpigie magoti kwa niaba yangu. Mwambie mama amesema alikosea, na alikosea mbele za watu, kwa hiyo akirudi ataomba radhi mbele za watu, palepale gulioni. Asipokuitikia, usimlaumu.

Nisalimie pia shangazi yako wa karibu na parokia, mwambie mgongo wangu umesikia sala zake, bado kutii tu. Msalimie mwalimu wa Hilda, na jirani yetu Mzee Issa, mwambie ule mpini wa jembe sijausahau. Mama yako mdogo anawasalimu nyote, yuko hapa ananiambia niache kuandika nile.

Kondakta wa basi aliyeileta barua hii anageuza kesho kutwa asubuhi, naye nimemwomba akungoje. Mkabidhi karatasi mkononi, usimpe mtu akupelekee. Na hata kama imeshindikana, hata kama baba yako ameichana, niandikie mistari miwili uniambie hivyo. Habari mbaya nitaivumilia, ila kutojua, mwanangu, kunanimaliza. Andika kabla basi halijageuza.

Mimi mama yako nikupendaye,
Mama Yufrasia