Wageni wa Mama

Dada yangu,

Sisi wazima, na Mama anakula vizuri. Tangu turuhusiwe kufanyia kazi nyumbani, meza ya chakula ndiyo ofisi yangu. Mama akiona nyuso za wenzangu wa kazini kwenye kompyuta hudhani ni wageni, huwakaribisha chai mmoja mmoja. Nilijua kibarua changu kimeota nyasi. Kumbe leo bosi mwenyewe kagoma kufungua kikao: "Tumsubiri Mama kwanza."

Kuna jambo nilikuficha. Nilipokuwa naenda ofisini nilimfungia mlango kwa nje, maana anasahau njia. Kila jioni nilimkuta nyuma ya mlango, amepakata mkoba wake.

Asubuhi ya leo kaniuliza, "Leo unanifungia saa ngapi?"

Nikamwambia siendi popote.

Akaurudisha mkoba kabatini.

Mdogo wako, niliyetua mzigo.